Ajali ya Maji Ina Kinga



Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu tumeusikia katika kila matanga ya mtu aliyekufa maji. Mwili ukishapatikana, au ukikosekana kabisa, watu hukaa chini ya turubai, mmoja huguna, mwingine hutikisa kichwa, kisha mzee husema: ndiyo hivyo, ajali haina kinga. Baada ya hapo mazungumzo hugeukia bei ya samaki.

Sisi hatuna ugomvi na wahenga. Lakini wahenga hao hao walituachia msemo mwingine: tahadhari kabla ya hatari. Tunaona kwamba wengi wetu tumeushika ule wa kwanza kwa sababu ni mwepesi, maana haumdai mtu kitu. Haumdai tajiri wa mtumbwi, haumdai mkaguzi wa bandari, wala haumdai nahodha au abiria. Leo tunataka kuuliza swali moja: Je, ni kweli kwamba kifo cha maji hakina kinga?

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Ukigawa hesabu hiyo, ni zaidi ya watu 30 kila saa, usiku na mchana. Zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa watu wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Na ukilinganisha vifo na idadi ya watu, Afrika ndiyo inayoongoza. Ndugu msomaji, mito na maziwa yapo Ulaya pia. Maji yao hayana huruma kuliko yetu. Tofauti imo katika vyombo, sheria, mafunzo na thamani anayopewa mtu anayefanya kazi majini.

KAZI YA USIKU

Twende mwaloni jioni moja isiyo na mwezi. Hapa Uganda, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria na visiwa vya Sese, huu ndio wakati wa kuvua mukene, samaki wadogo ambao wenzetu wa Tanzania huwaita dagaa na wa Kenya huwaita omena. Samaki hawa hufuata mwanga, kwa hiyo kazi yao ni ya gizani. Mitumbwi hupakiwa nyavu, taa, mafuta ya mashine, chakula kidogo na madumu. Mabaharia watatu au wanne hupanda, mashine huungurumishwa, na baada ya muda ziwa zima huonekana kama mji wenye taa.

Ziwa hili ni kubwa. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na mtu akiwa katikati haoni nchi kavu upande wowote. Tena lina tabia yake. Mchana jua hupasha moto nchi kavu upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto, na pepo za kutoka pande zote za ufuko hukutana juu ya ziwa. Hapo hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu hujengeka, na ngurumo huanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo mvuvi wa mukene yuko mbali na ufuko.

Mabaharia wanalijua jambo hili kuliko mtaalamu yeyote wa hali ya hewa. Wanaliona kwenye umeme unaomulika upande wa magharibi, wanalisikia kwenye upepo unaokata ghafla. Basi kwa nini hutoka? Sikilizeni mazungumzo ambayo wengi wenu mmekwisha kuyasikia mwaloni:

"Mzee, leo mawingu yale si mazuri. Tungengoja mpaka saa nane."

"Wenzenu wameshatoka, vijana. Mnaogopa mvua kama watoto? Mafuta nimekwisha kununua. Asiyetaka ashuke, wako wanaotafuta kazi."

Hapo baharia hunyamaza, akapanda. Anajua kwamba malipo yake ni mgawo tu. Kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na mabaharia. Usiku usio na samaki ni usiku usio na malipo, na mara nyingine ni usiku wa kuongeza deni. Nyumbani kuna ada ya shule na kodi ya chumba. Kwa hiyo anapima njaa iliyo hakika na dhoruba isiyo hakika, naye huchagua dhoruba. Watu wakimwita mjinga au mbishi wanamwonea, kwa maana hesabu hiyo alipangiwa na mtu mwingine aliyelala kitandani.

ORODHA NDEFU YA MISIBA

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki na jirani zake zina orodha ya misiba ya maji ambayo haifai kusahauliwa. Tunaitaja hapa tukiwa na kusudi la kutafuta jambo lililo moja katika misiba yote.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, karibu kabisa na ukingo. Ilikuwa na watu wapatao 400, ingawa uwezo wake ulikuwa 300. Watu 272 walikufa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakivuka kwenda kazini mjini. Walitoka nyumbani wakiwahi zamu, hawakufika.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya Mv Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilitengenezwa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, lakini wa daraja la tatu hawakuandikwa. Idadi rasmi ya waliokufa ilifika 894. Meli ilielea kwa muda ikiwa imepinduka, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakaitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwenye tundu hilo, na meli ikazama. Nia ilikuwa njema, lakini wema usio na maarifa ya uokoaji uliwamaliza waliokuwa bado hai.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Mv Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Mamia walikufa, na hesabu ya waliokuwamo imebishaniwa tangu siku hiyo kwa sababu waliopanda walikuwa wengi kuliko walioandikwa.

Tarehe 22 Machi 2014, katika Ziwa Albert, boti iliyokuwa ikiwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo kutoka kambi ya Kyangwali hapa Uganda ilipinduka. Zaidi ya watu 250 walikufa, wengi wao watoto. Watu hao walikuwa wamenusurika vitani.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, feri ya Mv Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228, na walionusurika 41. Fundi mmoja wa mashine alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, kwa sababu alibaki mahali palipokuwa na hewa.

Miezi miwili tu ikapita. Tarehe 24 Novemba 2018, huku kwetu, boti ya starehe ilizama upande wa Mukono ikiwa na watu waliokuwa wakisherehekea. Zaidi ya 30 walikufa. Boti haikuwa na leseni, na ilikuwa imejaza kupita kiasi. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi.

Na tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, boti kutoka Minova ilipinduka mbele ya macho ya watu ikiwa karibu kufika Kituku, Goma. Viongozi wa Kivu walisema ilikuwa na watu 278, ilhali uwezo wake ulikuwa 80. Makumi ya watu walikufa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na raia hawakuwa na njia nyingine ila maji.

Je, tumeona nini? Kwanza, katika misiba hii neno moja linarudi: kupita kiasi. Pili, vyombo vingi vilipinduka karibu na ukingo, si katikati ya ziwa wala kwenye mawimbi makubwa. Chombo kilichojaa mno huwa kizito juu. Abiria wakisimama wote kwa pamoja, au wakikimbilia upande mmoja kuwahi kushuka, kinalala upande huo na hakiinuki tena. Maji yakiwa yameingia ndani, hali huwa mbaya zaidi, kwa maana nayo hukimbilia upande ule ule. Tatu, mara nyingi idadi ya abiria haikujulikana. Asiyeandikwa wakati wa kupanda hawezi kutafutwa wakati wa kuzama.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, misiba hii mikubwa ndiyo iliyopata matanga ya taifa na tume za uchunguzi. Mabaharia wawili wa huku, watatu wa kule, wanaopotea usiku mmoja mmoja mwaka mzima, hawatangazwi redioni. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za maziwa za Uganda umeonyesha kwamba wengi wa wanaokufa maji ni vijana wa kiume wenye nguvu, nao hufa wakiwa kazini, katika uvuvi na uchukuzi. Kifo cha namna hiyo ni ajali ya kazi, sawa na ya mjenzi aliyeangukiwa na ukuta au mchimbaji aliyefukiwa mgodini, na chama cha wafanyakazi kina wajibu wa kuishughulikia kama ajali ya kazi.

JAKETI NI CHOMBO CHA KAZI

Mfanyakazi wa kiwandani hanunui mwenyewe kinga ya mashine. Mjenzi hadai kofia ngumu kama zawadi. Lakini majini, jaketi la kuokoa maisha limefanywa kuwa jambo la hiari ya baharia, na pengine gharama yake hukatwa kwenye mgawo wake. Sisi tunasema jaketi ni chombo cha kazi kama wavu na mashine. Anayenunua mashine ndiye anayepaswa kununua jaketi.

Tunajua pia kwamba si kila kosa ni la tajiri. Tukiwauliza mabaharia wenzetu kwa nini hawavai, hutoa sababu nyingi. Wengine husema jaketi lina joto. Wengine husema linanasa kwenye wavu wakati wa kuvuta. Wengine hulificha chini ya mizigo ili liwepo siku ya ukaguzi. Wako wanaoogopa kuchekwa, wakisema baharia wa kweli anajua kuogelea. Na wako wanaoona kwamba kuvaa jaketi ni kukiita kifo.

Tujibu kwa ukweli. Jaketi lililo chini ya magunia halimsaidii mtu, kwa maana mtumbwi hupinduka katika muda wa kuvuta pumzi moja na hakuna anayepata nafasi ya kulitafuta gizani. Kujua kuogelea ni jambo jema, lakini mtu aliyetupwa majini na nguo zake, kilomita nyingi kutoka ufukoni, usiku, katika mawimbi, hashindani na maji tu, hushindana na uchovu na baridi. Hata maji yetu ya ikweta ni baridi kuliko damu ya mtu, na saa zinavyopita mikono hulegea. Jaketi linafanya kazi wakati mikono imekwisha kulegea.

Ni kweli lakini kwamba majaketi mengine hayafai. Yako yaliyojazwa sponji ya godoro inayonyonya maji. Yako yaliyooza mikanda kwa jua. Kwa hiyo kila jaketi lijaribiwe mchana, kwenye maji ya kina kifupi, kabla ya kuaminiwa usiku. Likikuacha uzame, si jaketi. Na hoja ya wavu ni ya haki: yako majaketi membamba yanayoacha mikono huru, nayo ndiyo yanayofaa kwa uvuvi. Kununua makubwa ya abiria kwa sababu ni rahisi, kisha kumlaumu mvuvi kwamba hayavai, ni kujidanganya.

HAKI YA KUSEMA HAPANA

Turudi kwa yule baharia aliyenyamaza akapanda. Je, sheria inamsaidia?

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa kuwa ana sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asipatwe na adhabu. Mwezi wa Juni 2022 shirika hilo liliamua kwamba mazingira ya kazi yaliyo salama ni miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi, na mkataba huo ukawekwa katika daraja la mikataba ya msingi.

Upo pia Mkataba namba 188 wa Kazi ya Uvuvi, wa mwaka 2007, ulioanza kutumika Novemba 2017. Mkataba huu unapotaja uvuvi wa biashara unahesabu mito na maziwa pia. Unasema mwenye chombo ndiye mwenye wajibu wa kumpa nahodha vifaa na nyenzo zinazohitajika. Tena unasema kwamba mwenye chombo hana ruhusa ya kumzuia nahodha kutoa uamuzi ambao nahodha, kwa ujuzi wake, anauona ni wa lazima kwa usalama wa chombo na wavuvi. Kwa lugha ya mwaloni: tajiri aliye nchi kavu asimwamrishe nahodha aliyeona mawingu. Mkataba unataka pia kila mvuvi awe na mapatano ya kazi yaliyoandikwa. Jirani zetu wa Kenya wameuridhia.

Jambo la maandishi si dogo. Sheria ya Uganda ya Fidia kwa Wafanyakazi, ya mwaka 2000, inasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi na kuacha watu waliomtegemea kabisa, walipwe kiasi cha mapato yake ya miezi 60. Mjane akienda kudai, huulizwa: marehemu aliajiriwa na nani, na mapato yake yalikuwa kiasi gani? Hapo tajiri husema, "Huyu hakuwa mwajiriwa wangu, alikuwa mshirika wa mgawo." Karatasi hakuna. Shahidi aliyekuwa mtumbwini naye amekufa, au anaogopa kukosa kazi. Mjane hurudi nyumbani na rambirambi za gunia la unga. Kwa hiyo karatasi yenye majina ya mabaharia na namna ya mgawo wao inaweza kuwa urithi pekee wa watoto wa baharia.

NYUMBANI NAKO

Tusidhani kwamba hatari iko ziwani peke yake. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Takriban robo ya wanaokufa maji duniani ni watoto wasiotimiza miaka mitano, na wengi wao hawafi ziwani. Hufa kwenye beseni, kisima kisichofunikwa, pipa la maji ya mvua, au shimo la udongo wa matofali lililoachwa wazi likajaa maji wakati wa masika. Mtoto mdogo akiangukia kichwa kwenye ndoo hawezi kujiinua, tena hapigi kelele. Kifo cha maji ni cha kimya.

Jambo hili nalo ni la wafanyakazi. Mama anapokuwa ufukoni akianika mukene tangu alfajiri, mtoto anamwachia nani? Mara nyingi humwachia mtoto mwenziwe wa miaka saba. Nchini Bangladesh, ambako watoto wengi hufa kwenye madimbwi ya karibu na nyumba, vilianzishwa vijijini vituo vya kulelea watoto kwa saa za asubuhi, wakati wazazi wana kazi nyingi, na vifo vya watoto wa umri huo vikapungua sana. Kituo cha namna hiyo hakihitaji jengo la fahari. Kinahitaji chumba, uzio, na mama mwaminifu anayelipwa. Mwalo unaopata fedha za samaki kila siku hauwezi kushindwa na jambo hilo.

MAMBO YA KUSHIKA

Tunaomba yafuatayo yasomwe kwa sauti mwaloni, kwa faida ya wenzetu wasiosoma.

1. Kabla ya kutoka, mwambie mtu aliye nchi kavu unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi. Simu itiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

2. Vaa jaketi tangu ufukoni, ufunge mikanda yote. Asiye na jaketi awe na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko imara, lenye kamba ya kushika. Si sawa na jaketi, lakini huelea.

3. Ukiona chombo kimejaa, usipande. Ukiwa ndani, kaa chini, wala usisimame kabla hakijafungwa gatini.

4. Mtumbwi wa mbao ukipinduka, shikamaneni nao. Kwa kawaida huelea hata ukijaa maji, na hutafutwa kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja. Wengi hufa kwa kuuacha na kujaribu kuogelea kwenda kwenye taa zinazoonekana karibu.

5. Ukiona mtu anazama, usijirushe. Mfa maji haachi kutapatapa, na atakushika shingo mzame wote wawili. Mrushie kamba, dumu, au mnyoshee kasia.

6. Aliyetolewa majini asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo. Desturi hiyo hupoteza dakika za thamani. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi za kwanza mbili mpaka tano mdomoni. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, upesi kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Aliyezinduka apelekwe hospitali hata akisema hajambo.

7. Usinywe pombe kabla ya kazi ya majini. Pombe hudanganya mwili na akili kwa wakati mmoja.

MADAI YETU

Umoja wa Mataifa uliamua mwezi Aprili 2021 kwamba kila tarehe 25 Julai iwe siku ya dunia ya kuzuia vifo vya maji. Siku hiyo isiwe ya hotuba na fulana tu. Tunapendekeza kwamba kila tawi lenye wanachama majini liitumie kukutana na wenye mitumbwi na kamati za mialo, na kuweka mezani madai haya:

Kwanza, kila mtumbwi uwe na majaketi sawa na idadi ya watu, yanunuliwe na mwenye mtumbwi, na gharama isikatwe kwenye mgawo wa mabaharia.

Pili, majina ya wanaotoka yaandikwe kwenye daftari la mwalo kila jioni, na kufutwa wanaporudi asubuhi.

Tatu, habari za hali ya hewa zisomwe mwaloni kwa lugha zinazosikika, kabla ya saa ya kutoka. Bendera nyekundu ikipandishwa, mitumbwi yote ibaki, ili asiwepo wa kusema "wenzenu wameshatoka".

Nne, nahodha anayekataa kutoka kwa sababu ya hali mbaya asifukuzwe, na kamati ya mwalo iwe shahidi wake.

Tano, mapatano ya kazi yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wenye alama za vidole gumba.

Sita, serikali zetu zikague vyombo kabla ya msiba, si baada yake. Mkaguzi anayehesabu abiria gatini huokoa wengi kuliko mpiga mbizi anayehesabu maiti.

Katika madai haya hakuna hata moja linalohitaji fedha za kutisha. Bei ya jaketi moja ni ndogo mno mbele ya bei ya mashine ya boti. Daftari na kalamu hupatikana duka lolote. Bendera ni kitambaa. Kinachohitajika zaidi ni watu kuamua kwa pamoja, kwa maana baharia mmoja akisema hapana anafukuzwa, lakini mwalo mzima ukisema hapana, tajiri hana wa kumpandisha.

Basi, ndugu wafanyakazi, safari nyingine tutakapokaa chini ya turubai na mzee akasema ajali haina kinga, tumwitikie kwa adabu, kisha tuulize: Marehemu alikuwa amevaa jaketi? Mtumbwi ulibeba wangapi? Nani aliona mawingu, na nani aliyesema watoke? Tukiuliza hivyo kila mara, kwa sauti na bila woga, siku itafika ambapo maswali hayo yataulizwa ufukoni jioni, kabla ya mashine kuwashwa.

Umoja wetu ndio jaketi letu la kwanza.